Kasha, Faneli na Mpagazi wa Shaba: Uhakiki wa Ghala Linalosemekana Kujiendesha

Wasomaji wa jarida hili wamezoea kukuta hapa uhakiki wa riwaya, tamthilia au diwani. Safari hii tunaomba ruhusa ya kuhakiki ghala. Ghala lenyewe haliko Nakawa wala Industrial Area. Limo ndani ya mchezo wa kompyuta uitwao Minecraft, ambao toleo lake kamili lilitoka Novemba 2011 na ambao wanafunzi wetu wengi wanaufahamu kuliko wanavyofahamu baadhi ya vitabu tunavyowasomesha. Mchezo huo ni kazi ya kubuni, una fani na maudhui yake, na ghala linalojengwa ndani yake ni sehemu ambayo wachezaji wameitolea jasho jingi. Kwa hiyo linahakikika.

Wala mchezo huu si mgeni katika eneo letu. Mwaka 2012 shirika la UN-Habitat, lenye makao makuu yake Gigiri, Nairobi, lilishirikiana na kampuni ya Mojang iliyoutengeneza, wakaanzisha mradi wa Block by Block, ambao wakazi wa mijini huutumia kuchora maeneo yao ya wazi kabla hayajajengwa. Kiwanja cha Silanga huko Kibera kilikuwa miongoni mwa maeneo ya mwanzo. Hayo tunayataja tu ili mwalimu asidhani tunazungumzia mambo ya watoto wa mbali.

Kwa ambaye hajawahi kuucheza, maelezo mafupi yanatosha. Dunia ya mchezo imejengwa kwa vibonge vyenye pande sita zilizo sawa, kila kimoja ukubwa mmoja. Mchezaji huchimba mawe, hukata miti, hulima ngano, hufuga, halafu hujengea alichovuna. Kila alichovuna lazima kikae mahali. Kasha moja lina nafasi 27, na nafasi moja hubeba hadi vitu 64 vya aina moja, yaani jumla ya 1,728. Makasha mawili yakiunganishwa hubeba 3,456. Idadi hiyo inaonekana kubwa mpaka siku mchezaji anapochimba mlima. Hapo makasha yanafika 10, 20, 50, na kupanga kunaanza kula muda wa kujenga. Ndipo wachezaji walipobuni ghala ambalo mtu humwaga mzigo wote mahali pamoja, na kila kitu kinafika kwenye kasha lake bila yeye kukigusa tena.

Kilichotusukuma kuandika ni insha. Tuliwapa wanafunzi wa mwaka wa 2 zoezi la kueleza utaratibu wa kazi yoyote wanayoijua vizuri. Wengi walieleza mapishi ya matooke au namna ya kukaanga rolex, na mmoja alieleza ghala hili. Aliandika kwamba vitu "vinajipeleka vyenyewe, vinajichagua na kujipanga kwenye makasha". Sarufi yake haina kasoro. Upatanisho wa ngeli umekaa sawa, kiambishi -ji- kimewekwa mahali pake. Tulimpa alama nzuri, naye alizistahili. Hata hivyo sentensi hiyo inadai jambo kuhusu mashine yenyewe, na dai hilo ndilo tunalotaka kulipima.

Tuanze na fani. Kabla ya mwaka 2013 wachezaji walisafirisha vitu kwa maji. Kitu kikiachwa chini ndani ya mchezo, kinaelea. Kikitiwa kwenye mfereji, mkondo unakichukua, na barafu ikitandazwa chini ya maji kinateleza kwa kasi zaidi. Tatizo ni kwamba kitu kilicholala nje ya kasha hutoweka baada ya dakika 5. Kila mfereji ulikuwa mashindano na saa. Machi 2013 likatoka toleo la 1.5, lililoleta kifaa ambacho sisi tutakiita faneli, kwa sababu ndivyo kinavyofanana na ndivyo kinavyofanya kazi. Hutengenezwa kwa vipande 5 vya chuma na kasha 1. Hunyonya kilicho juu yake na kukisukuma kwenda chini au pembeni, kitu kimoja kila baada ya sehemu 4 za kumi za sekunde. Hivyo ni vitu 9,000 kwa saa. Kujaza kasha pacha kwa faneli moja kunachukua kama dakika 23, muda wa kutosha mtu kutoka Wandegeya kwa miguu, akanunua chapati, akarudi.

Faneli peke yake haichagui. Inayoifanya ichague ni hesabu, na hesabu yenyewe ni nzuri kiasi kwamba tunaomba msomaji aivumilie. Faneli ina nafasi 5 ndani yake. Pembeni yake huwekwa kilinganishi, kifaa kinachosoma faneli imejaa kiasi gani na kutoa nguvu kwa kadiri hiyo, kuanzia 0 hadi 15, kupitia unga wa jiwe jekundu ambao ndio waya wa dunia hiyo. Mchezaji anayetaka faneli ipokee ngano tu hutia ngano 41 katika nafasi ya kwanza. Nafasi 4 zilizobaki huweka kitu kimoja kimoja kisichokuwa na mwenzake popote, mathalani karatasi aliyoipa jina la ajabu. Jumla ni 45. Kwa 45 kilinganishi hutoa nguvu ya 2, ambayo inafia njiani. Ngano moja ikiingia, jumla inakuwa 46, nguvu inapanda hadi 3, inafika kwenye mwenge, mwenge unazimika, na kufuli la faneli ya chini linafunguka. Ngano moja inateremka kasheni. Jumla inarudi 45, kufuli linafunga. Chuma kikipita hapo juu hakina pa kuingilia, kwa sababu vitu vya aina moja tu ndivyo vinavyokaa nafasi moja, na nafasi zote zimekwisha kukaliwa. Kinaendelea na safari hadi kifike kwa chuma wenzake.

Uzuri wa mpango huu ni kwamba hakuna mahali palipoandikwa neno "ngano". Faneli haijui ngano ni nini. Ngano 41 zilizotangulia ndizo zinazoitambua ile ya 42. Mwanafunzi aliyesoma kwamba maana ya neno hupatikana kwa kuhusiana kwake na maneno mengine ataliona jambo hili mara moja.

Udhaifu nao umejificha papo hapo. Kitu ambacho hakirundikani, yaani ambacho kimoja chake kinajaza nafasi nzima, hakiwezi kutambuliwa kwa njia hii. Upanga haurundikani. Wala kitabu kilichotiwa nguvu za kichawi, wala dawa, wala shoka lililokwisha kulika. Vyote hivyo hupita kila faneli bila kupokelewa, na mwishowe huangukia kasha la mwisho, ambalo wachezaji huliweka kwa ajili ya vitu visivyo na kwao. Humo ndimo unamokuta mali ya thamani kuliko zote ikiwa imechanganyika na ziada ya makasha yaliyojaa. Na kasha la mwisho nalo likijaa, mstari mzima wa faneli unasimama. Kwa maoni yetu hii ndiyo kasoro kubwa ya kifani ya ghala hili: linapanga vizuri vitu vinavyofanana, na kadiri kitu kilivyotumika na kupata historia yake, ndivyo linavyoshindwa kukipokea.

Hapa inatubidi tusimame kidogo kwenye msamiati, maana ndipo walimu wenzetu watakapotaka kutubana. Wachezaji wa Kampala wanapolizungumzia ghala hili kwa Kiswahili, husema "inafilta" au, wakijitahidi, "inachuja". Kuchuja hakufai. Tunachuja chai na tui. Chujio huzuia kilicho kikubwa na kupitisha kilicho chembamba. Kuchekecha ni hivyo hivyo, kwa vitu vikavu. Kupepeta kunatenga makapi na nafaka kwa uzito, upepo ukisaidia. Kupembua kunatenga chenga na mchele mzima kwa mtikiso wa ungo. Vitenzi vyote vinne vinategemea umbo au uzito wa kitu, na faneli haipimi umbo wala uzito. Kubagua kungefaa kwa maana yake ya asili, lakini neno hilo limebebeshwa mzigo wa siasa ambao hatuna haja ya kuuingiza ghalani. Linalobaki ni kuchambua. Mtu anayechambua mchele juu ya ungo hutazama punje moja moja, akaijua kuwa ni punje au ni kijiwe. Ndivyo faneli inavyofanya, kimoja kimoja. Tunapendekeza basi faneli ya kuchambua. Kwamba neno hilo hilo ndilo tunalotumia kwa kazi yetu ya kuchambua fasihi ni faida ya ziada.

Majina ya vyombo yana nafuu. Kasha na pipa tulivipata kutoka kwa Wareno, ghala kutoka kwa Waarabu, stoo kutoka kwa Waingereza. Pwani ilikuwa na biashara, na biashara haikosi vyombo. Bara nako kuna kihenge, ambacho Waganda hukiita ekyagi. Mwalimu anayedhani kwamba Kiswahili hakina maneno ya kuhifadhia vitu ahesabu tena. Upungufu uko kwa wanafunzi wetu, ambao hawakufundishwa maneno hayo kwa sababu mtihani hauyaulizi. Kiswahili kiliwekwa kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda katika marekebisho ya Katiba ya 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Lugha itakayofundishwa kwa lazima na isiweze kueleza jinsi mzigo unavyotoka hapa kwenda pale itakuwa lugha ya salamu tu.

Turudi sasa kwenye lile dai la insha. Je, vitu vinajipeleka? Kiambishi -ji- kinamfanya mtendaji awe ndiye mtendwa. Aliyejinyoa alikuwa na wembe mkononi mwake. Ngano haina mkono. Isisemwe kwamba kosa limetokana na lugha mama, maana Luganda nayo ina njia yake ya kumrudishia mtendaji tendo, kama katika okwetwala, na msemaji wake anajua vizuri tofauti ya kujipeleka na kupelekwa. Mwanafunzi alichagua -ji- kwa sababu mashine yenyewe imejengwa ili ionekane hivyo. Faneli hufichwa nyuma ya ukuta, unga wa jiwe jekundu chini ya sakafu. Mgeni anayeingia ghalani huona makasha tu, yamejaa na kupangwa. Sifa kubwa ambayo wachezaji humpa mjenzi ni kwamba huoni kinachofanya kazi.

Kuna jambo jingine ambalo mwandishi wa insha hakulitaja, ingawa kila mchezaji analijua. Mchezo hauendeshi dunia nzima kwa wakati mmoja; huendesha eneo lililo karibu na mchezaji. Akienda mbali kutafuta almasi, kwa kawaida ghala lake linasimama kama lilivyo, ngano ikiwa katikati ya faneli, mwenge ukiwa nusu ya kazi yake. Akirudi, linaendelea kana kwamba hakuna kilichopita. Mashine inayosemekana kujiendesha haiendi hata hatua moja mwenyewe akiwa hayupo. Afadhali kusema inaendeshwa. Na tendwa ikishatamkwa, Kiswahili kinaacha nafasi baada yake, "na nani?", ambayo msomaji ataingojea ijazwe.

Katika maudhui, jambo lililotushangaza zaidi ni namna muda ulivyogeuzwa. Mkulima wa Masindi au Kasese anapotia mahindi stoo, ndipo vita vyake vinapoanza. Yasipokauka vizuri yanaota ukungu, na ukungu unaleta sumukuvu. Dumuzi nao hawangoji. Kwake, kuhifadhi ni kupigana na siku. Ndani ya mchezo ni kinyume kabisa. Kitu kilichoachwa nje kina dakika 5 za kuishi. Kikishaingia kasheni hakifi tena. Ngano haiozi, nyama haichachi, mkate wa mwaka jana ni sawa na wa leo. Basi mchezaji hana sababu ya kula, kuuza wala kugawa kabla hakijaharibika, na anaendelea kulimbikiza. Wapo wanakijiji wa kubadilishana nao bidhaa, ni kweli, lakini hakuna chochote kinachomharakisha kwenda kwao. Ghala linalofanya kazi vizuri mno linaishia kuwa na shehena ambayo hakuna anayeihitaji, na mchezaji anajenga ghala kubwa zaidi la kuiweka.

Na wachukuzi wako wapi? Anayeishi Kampala hawezi kulikwepa swali hili. Pita Kikuubo asubuhi yoyote: katoni za sabuni, magunia ya sukari, mitungi ya mafuta ya kupikia, vyote vinapita juu ya vichwa na mabega ya watu katika ujia ambao gari haliingii. Reli iliyoanzia Mombasa ilifika Kampala mwaka 1931, lakini kutoka behewani hadi dukani gunia liliendelea kubebwa. Lugha yetu inawajua watu hawa kwa majina kadhaa: mchukuzi, hamali, kuli, na mpagazi wa misafara ya zamani ya kutoka pwani. Hapa Uganda tuna poota pia, ingawa zaidi ni msaidizi wa fundi kwenye ujenzi. Riwaya ya Kuli ya Shafi Adam Shafi, iliyotoka 1979, inahusu wafanyakazi wa bandari ya Zanzibar na mgomo wa 1948. Mgomo ule ulikuwa na nguvu kwa sababu moja rahisi: mzigo usipobebwa, haushuki. Mashine ya faneli ni ndoto ya mwenye ghala yeyote aliyewahi kuogopa mgomo. Hapa hakuna wa kudai ujira, wala wa kuumia mgongo. Hatudai kwamba waliobuni mchezo walikusudia hivyo. Tunasema ndivyo kazi yao inavyosomeka kwa mtu aliyepita Kikuubo asubuhi ile ile.

Ndiyo maana toleo la Septemba 2025 lilitufurahisha kuliko tulivyotarajia. Baada ya miaka 12 ya faneli, mchezo ulileta kiumbe cha shaba, kifupi, chenye kichwa kikubwa, ambacho kazi yake ni kubeba. Hutengenezwa kwa kuweka boga lililochongwa juu ya bonge la shaba. Huliendea kasha la shaba, huchukua vitu visivyozidi 16, kisha hutembea kutoka kasha moja la mbao hadi jingine, akifungua na kuchungulia, mpaka apate lenye vitu vya aina ile au lililo tupu. Huviweka, hurudi. (Msomaji ataona tumehama kutoka "kiumbe, chenye" hadi "akifungua". Hatukukusudia; ngeli imetupeleka yenyewe.) Tumwite mpagazi wa shaba.

Kwa hesabu ya tija yeye ni duni. Faneli humpita mbali kwa kasi, na wachezaji waliozoea mashine kubwa walikuwa na haki ya kumcheka. Ila ana uwezo ambao faneli ya kuchambua haina: huuchukua upanga, akauweka palipo na upanga mwingine kama huo. Zile ngano 41 hana haja nazo, wala karatasi yenye jina la ajabu. Anafungua kasha na kutazama. Lile kasha la mwisho la vitu visivyo na kwao linapungua, na kinachosababisha hivyo ni kutembea na kutazama, kazi ile ile ambayo ghala lote lilijengwa ili iondoke.

Halafu anazeeka. Shaba inapata kutu ya kijani kidogo kidogo, kama shaba ya kweli, na mwisho mpagazi husimama alipo akawa sanamu. Mwenye ghala anaweza kumkwangua kwa shoka akarudi kazini, au kumpaka nta mapema asizeeke kabisa. Sisi tunaona hapa ndipo mchezo unapokaribia kusema jambo la kweli kuhusu uchukuzi. Kwa mara ya kwanza ghala lina gharama ambayo ni ya mwili wa mbebaji, na mwenye ghala anaweza kuiona ikija. Kwamba dawa yake ni nta tu ni wepesi ambao hatuwezi kuusifu. Lakini faneli haikuwahi kututaka tuitazame usoni.

Kwa mwalimu anayetaka kuitumia mada hii darasani, hahitaji kompyuta. Makopo matano na maharage 46 yanatosha kuonyesha hesabu ya faneli, na wanafunzi wataeleza kila hatua kwa -ki- ya masharti na kwa -po- ya wakati: ikiingia ya 46, kufuli linafunguka, kufuli linapofunguka, moja inateremka. Baadaye waandike aya moja ya ghala la faneli bila kutumia -ji- hata mara moja. Sisi tulijaribu, na aya zilirefuka, maana kila kitenzi kilidai mtendaji wake. Zoezi la mwisho lilikuwa sentensi moja tu, kuhusu mpagazi aliyesimama. Wengine waliandika kwamba amegeuka sanamu, wengine kwamba amegeuzwa, na mmoja akaandika kwamba ameachwa ageuke. Kipindi kilikwisha wakiwa bado wanabishana ipi ni sahihi, na aliyeandika ya tatu alikataa kuifuta.